Minyoo ya Moyo kwa Mbwa: Namna ya Kumkinga, na Namna ya Kumtibu Bila Kumwua

Anayechukua mbwa kutoka kituo cha kuhifadhia wanyama mjini Houston, New Orleans au mji wowote wa kusini mwa Marekani ulio karibu na Ghuba ya Meksiko hukabidhiwa kamba, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na karatasi ndogo yenye majibu ya kipimo cha damu. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, ambako mbwa ni mlinzi wa uani na matunzo yake makubwa ni chanjo ya kichaa na kuogeshwa dawa ya kupe, hatushtuki tunapoambiwa kwamba mbwa huyo ana minyoo. Tunadhani ni minyoo ya tumbo, ile inayotolewa kwa kidonge kimoja na habari ikaisha. Nami nilidhani hivyo siku tulipomchukua Popi, mpaka daktari alipotueleza kwamba kumtoa mbwa minyoo ya moyo ni kazi ya karibu mwaka mzima, na kwamba mbwa anaweza kufa kwa sababu ya dawa kufanya kazi yake vizuri.

Mwongozo huu nimeuandika kwanza kwa Waswahili wanaofuga mbwa katika majimbo hayo ya joto, kuanzia Texas na Louisiana hadi Florida, ambako ugonjwa huu umeenea kuliko sehemu nyingine za Marekani. Sehemu kubwa ya maelezo, hata hivyo, itamfaa pia mfugaji aliyeko Tanga, Mombasa au Bujumbura, kwa kuwa mbu na joto havikosekani huko.

Ugonjwa unavyoingia

Mnyoo wenyewe kwa jina la kisayansi huitwa Dirofilaria immitis. Mmarekani Joseph Leidy ndiye aliyeupa jina hilo la pili mwaka 1856, na neno immitis kwa Kilatini lina maana ya mkali au katili. Ni ndugu wa minyoo inayosababisha matende kwa binadamu, na mtu wa Pwani anayejua jinsi matende yanavyosambazwa na mbu ameshaelewa nusu ya somo hili. Mbu hunyonya damu ya mbwa mgonjwa iliyojaa vijinyoo vichanga visivyoonekana kwa macho. Vijinyoo hivyo hukua ndani ya mwili wa mbu, na kama hewa ina joto la nyuzi 27 hivi, siku 10 hadi 14 zinatosha kuviwezesha kuambukiza mbwa mwingine. Joto likishuka chini ya nyuzi 14, ukuaji huo husimama, na hii ndiyo sababu ugonjwa hauna nguvu sana katika nchi za baridi. Mbu huyo anapomuuma mbwa mwingine, vijinyoo hudondoka juu ya ngozi pamoja na tone la majimaji ya mbu na kupenya kupitia tundu la mwiba wake.

Kinachofuata ni cha polepole, na upole huo ndio unaowahadaa wafugaji. Kwa muda wa takriban miezi miwili vijinyoo husafiri chini ya ngozi na katikati ya misuli, kisha huingia kwenye damu na kufika katika mishipa mikubwa inayopeleka damu mapafuni. Huko hukomaa, na miezi sita hadi saba baada ya siku ya kuumwa, majike huanza kuzaa vijinyoo vipya. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 30, mwembamba kama tambi iliyochemshwa, na anaweza kuishi kwa miaka mitano hadi saba. Jina la ugonjwa linapotosha kidogo, kwa sababu makao makuu ya minyoo hii ni mishipa ya mapafu. Hujaa hadi kwenye moyo wa upande wa kulia pale idadi yake inapozidi.

Mambo mawili yafaa yasemwe mapema, kwa kuwa ndiyo yanayoulizwa kwanza nyumbani. La kwanza ni kwamba mbwa hamwambukizi mbwa mwenzake kwa kulambana, kula sahani moja au kulala pamoja, kwani bila mbu mnyoo hauwezi kukamilisha safari yake. Hata watoto wa mbwa wanaozaliwa na vijinyoo vya mama yao katika damu hawapati minyoo mikubwa kutokana na vijinyoo hivyo. La pili ni kwamba binadamu anaweza kuumwa na mbu mwenye vijinyoo hivi, lakini mwili wake si makao yake ya asili na karibu kila mara hufa humo. Kwa nadra sana kimoja hufika mapafuni, kikafa, na kuacha kidonda kidogo cha mviringo kinachoonekana kwenye picha ya eksirei. Mbwa mgonjwa hana haja ya kutengwa na watoto kwa kuogopa maambukizi. Ana haja ya kutengwa nao kwa sababu nyingine, ambayo nitaieleza mbele.

Dalili, na kwa nini zisingojewe

Mbwa aliyeambukizwa karibuni haonyeshi chochote. Baada ya miezi au miaka huanza kukohoa kikohozi kikavu kisichokwisha, huchoka upesi katika matembezi aliyokuwa akiyamudu, hupungua uzito, na akizidiwa huzimia anapokimbia au tumbo lake hujaa maji kwa kuwa moyo umeshindwa kusukuma damu. Mbwa mlegevu anayeshinda amelala barazani anaweza kubeba minyoo mingi bila mtu kugundua, kwa sababu hakuna anayemwona akikimbia. Mbwa wa kazi au wa kuwinda mwenye idadi hiyohiyo ya minyoo huumbuka mapema. Kwa hiyo dalili si kipimo. Anayezisubiri ndipo ampeleke mbwa kwa daktari huwa ameruhusu mishipa ya mapafu iharibike, na baadhi ya uharibifu huo hubaki hata minyoo ikishakwisha.

Kupima

Kipimo cha kawaida hutafuta katika damu antijeni, yaani protini inayotolewa na minyoo majike iliyokomaa. Matone machache ya damu yanatosha, na majibu hupatikana kabla hujamaliza kulipa. Kipimo hiki ni kizuri sana lakini kina mipaka inayotokana na maisha ya mnyoo mwenyewe. Mbwa aliyeumwa na mbu miezi mitatu iliyopita atapimwa na kuonekana mzima, kwa kuwa majike bado hayajakomaa. Mbwa mwenye minyoo madume matupu naye ataonekana mzima. Kwa sababu hiyo hakuna faida ya kumpima mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi saba, na kwa sababu hiyohiyo mbwa mkubwa aliyechukuliwa kituoni akiwa na majibu mazuri anapaswa kupimwa tena baada ya miezi sita, kisha mara moja kila mwaka, hata kama anakunywa dawa ya kinga bila kukosa.

Daktari makini huongeza kipimo cha pili, yaani kuangalia damu kwa darubini ili kuona kama vijinyoo vichanga vimo. Kwa msomaji aliye Afrika Mashariki kipimo hiki cha darubini kinahitaji jicho la mtaalamu, kwa sababu si kila kijinyoo kinachoonekana katika damu ya mbwa ni cha minyoo ya moyo. Wako jamaa zake kadhaa: Dirofilaria repens, anayekaa chini ya ngozi na hadhuru sana, Acanthocheilonema reconditum, anayesambazwa na viroboto, na hata Brugia patei, aliyepewa jina la kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, ambako alipatikana katika mbwa na paka na kuelezwa na wanasayansi mwaka 1958. Vijinyoo vya hawa wote hufanana kwa anayetazama haraka haraka. Ukiambiwa kwamba mbwa wako ana minyoo ya moyo kwa kuangaliwa darubini peke yake, omba kipimo cha antijeni kabla ya kukubali matibabu, kwa maana matibabu yenyewe si ya mchezo.

Kinga hutazama nyuma

Wengi huipokea dawa ya kinga kana kwamba ni chandarua, kwamba ukimpa mbwa leo, mbu wa mwezi ujao hawatamdhuru. Sivyo ilivyo. Kidonge cha mwezi huua vijinyoo vilivyoingia mwilini katika siku kama 30 zilizopita, wakati bado ni vidogo na viko chini ya ngozi. Hakifukuzi mbu wala hakizuii kuumwa. Vijinyoo vikishapita umri wa takriban siku 50 huanza kugeuka minyoo michanga, na dawa hiyo haiviwezi tena kwa uhakika. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kalenda: aliyechelewa wiki moja huenda bado yumo ndani ya usalama, lakini aliyeruka mwezi mzima ameacha mlango ambao kidonge cha mwezi unaofuata hakiwezi kuufunga.

Dawa hizi zote ni za kundi moja. Ipo ivermektini, iliyoanza kuuzwa Marekani kwa kinga hii mwaka 1987, ipo milbemisini, ipo selamektini ya kudondoshea shingoni, na ipo moksidektini, ambayo hutolewa kama kidonge, kama dawa ya kudondoshea, au kama sindano ya daktari inayodumu miezi 6 au 12. Zote hufanya kazi zikitolewa kwa wakati. Kwa familia ambayo baba yuko zamu ya usiku, mama yuko hospitalini akifanya kazi na watoto wanategeana, mimi hushauri sindano ya miezi 12 ikiwa mbwa ni mzima na daktari ameridhia, kwa sababu kosa la kusahau ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Anayependelea vidonge akichagua tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, hatakosea.

Mtoto wa mbwa aanze kinga akiwa na umri wa wiki nane au kabla. Mbwa mkubwa ambaye historia yake haijulikani apimwe kwanza, kwa sababu akiwa na vijinyoo vingi katika damu na akapewa dawa inayoviua kwa kishindo, hasa milbemisini, mwili wake unaweza kupatwa na mshtuko mkali. Katika majimbo ya Ghuba kinga hutolewa miezi yote 12. American Heartworm Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1974 na ambacho mapendekezo yake hufuatwa na madaktari wengi wa wanyama nchini humo, husisitiza utaratibu huo hata kwa majimbo yenye baridi. Mbwa wa ndani naye apewe. Mbu hawabishi hodi, na kule Texas chanzo cha ugonjwa si mbwa wa jirani tu bali pia koyoti, mbweha wa huko wanaozurura mpaka viungani mwa miji.

Kupunguza mbu kunasaidia, mradi kusichukue nafasi ya dawa. Mwaga maji yaliyotuama katika sahani za vyungu vya maua, matairi, ndoo na mifereji ya paa angalau mara moja kwa wiki, na badilisha kila siku maji ya kunywa ya mbwa anayekaa nje. Zipo pia dawa za kudondoshea zinazomfukuza mbu. Zilizo na permethrini zinamfaa mbwa lakini humwua paka, kwa hiyo mwenye wanyama wote wawili asome maandishi ya kwenye boksi kabla ya kulifungua. Ama mwarobaini, mbegu za papai na kitunguu saumu, ambavyo kila mzee anayepita hukupendekezea, hakuna kimoja kinachokinga minyoo ya moyo, na kitunguu saumu kikizidi huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Dawa ya ng'ombe isimguse mbwa

Hapa sina budi kukawia kidogo, maana desturi hii nimeiona pande zote mbili za bahari. Ivermektini ya sindano ya mifugo huuzwa kwa bei nafuu katika maduka ya pembejeo, na mtu huona ni dawa ileile. Jina ni lilelile, lakini kipimo ni dunia nyingine. Chupa ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita. Kinga ya mbwa inahitaji mikrogramu 6 kwa kilo, hivyo mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 120, ambazo ni mililita 0.012. Hakuna bomba la sindano la nyumbani linaloweza kupima kiasi hicho. Tone moja tu lina zaidi ya mara nne ya kipimo hicho, na anayempa mbwa huyo mililita moja, "kama ndama", amempa zaidi ya mara 80. Mbwa wa kuchunga wa aina ya collie na jamaa zake, ambao wengi wao wana kasoro ya jeni iitwayo MDR1, hupata sumu ya ubongo kwa vipimo vikubwa vya dawa hii: hupepesuka, hupofuka, huanguka katika usingizi mzito na wengine hufa. Vipimo vidogo vilivyomo katika vidonge vya kinga vya mbwa ni salama hata kwao.

Vivyo hivyo kwa dawa za matende zinazogawiwa bure katika kampeni za afya. Mojawapo ya dawa hizo, inayojulikana kwa kifupi DEC, iliwahi kutumika kwa kinga ya mbwa, lakini ikimkuta mbwa ambaye tayari ana vijinyoo katika damu inaweza kumletea mshtuko wa kumwua.

Matibabu, siku kwa siku

Majibu yakitoka kwamba mbwa ana minyoo, daktari atayathibitisha kwa kipimo cha pili, kisha atapiga picha ya kifua na kupima damu ili ajue ugonjwa umefika wapi. Mbwa asiye na dalili au mwenye kikohozi chepesi ana nafasi nzuri sana ya kupona. Mwenye moyo ulioshindwa hutulizwa kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Na yupo anayefika akiwa hoi ghafla, ufizi umepauka, mkojo wa rangi ya kahawa. Huyo minyoo imeziba njia ya damu ndani ya moyo, na njia yake ya kuokoka ni upasuaji wa kuitoa minyoo kupitia mshipa wa shingo. Hiyo ni dharura ya saa ileile, wala si ya kungoja Jumatatu.

Kwa wengine, utaratibu unaopendekezwa Marekani huenda hivi. Siku ya kwanza mbwa huanza kupewa dawa ya kinga ya mwezi, ili mbu wasiongeze minyoo mipya huku ya zamani ikitibiwa. Wakati huohuo huanza doksisaiklini, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa wiki nne. Antibayotiki hii haimwui mnyoo moja kwa moja. Huua bakteria waitwao Wolbachia, wanaoishi ndani ya mnyoo na ambao mnyoo huwategemea. Mnyoo uliopoteza bakteria wake hudhoofika, huacha kuzaa, na ukifa baadaye huleta uvimbe mdogo zaidi mapafuni. Mpe dawa hii pamoja na chakula, ufuatishe na maji, kwani ikikwama kooni huunguza na ikikuta tumbo tupu hutapisha. Popi aliikataa katika kila kitu isipokuwa maini ya kuchemsha.

Kisha huja mwezi wa kungoja, ambao wengi huulalamikia. Una sababu yake. Miongoni mwa minyoo iliyomo mwilini iko iliyo mikubwa mno kuuawa na dawa ya kinga, lakini bado michanga mno kuuawa kwa uhakika na sindano. Mwezi huo, pamoja na ule wa doksisaiklini, huipa muda wa kufikia umri ambao sindano itaiweza.

Siku ya 61 hutolewa sindano ya kwanza ya melasomini, dawa yenye aseniki iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwa kipimo cha miligramu 2.5 kwa kilo. Huchomwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno, pembeni mwa uti wa mgongo, na huuma. Mbwa anaweza kukataa kuguswa mgongo kwa siku kadhaa. Siku ya 90 hutolewa ya pili, na siku ya 91 ya tatu. Kugawanya huku kuna hekima: sindano ya kwanza hupunguza sehemu tu ya minyoo, ili mapafu yasipokee mizoga yote kwa mkupuo, na mbili za mwisho humaliza iliyobaki. Sindano tatu huondoa karibu minyoo yote, zaidi ya asilimia 98, ilhali utaratibu wa zamani wa sindano mbili uliondoa takriban asilimia 90. Pamoja na kila awamu ya sindano hutolewa prednisoni ya kupunguza uvimbe, ambayo kipimo chake hushushwa taratibu kwa wiki nne. Itamfanya mbwa awe na kiu, njaa na mkojo wa mara kwa mara. Usiikatishe ghafla, na usimpe pamoja nayo dawa nyingine ya maumivu, hata aspirini, bila idhini ya daktari.

Baadhi ya watu, kwa kuogopa gharama, huchagua kumpa mbwa dawa ya kinga peke yake mwezi baada ya mwezi na kungoja minyoo mikubwa ife kwa uzee. Naielewa hofu ya bili, lakini njia hiyo huiacha minyoo ikiharibu mapafu kwa muda mrefu, na inalaumiwa kwa kuwapa nafasi minyoo sugu. Usugu huo umethibitishwa tayari katika bonde la chini la mto Mississippi. Ikiwa melasomini haipatikani au mbwa hawezi kuihimili, daktari anaweza kuunganisha moksidektini ya kudondoshea na doksisaiklini chini ya uangalizi wake, na kizuizi cha mazoezi kikabaki palepale. Hiyo ni njia ya dharura. Uliza pia katika kituo ulikomchukua mbwa, maana vingine hulipia matibabu ya mbwa waliowatoa wakiwa wagonjwa.

Utulivu ndio nusu ya dawa

Mnyoo uliokufa haupotei. Huvunjika vipande, na vipande hivyo husukumwa na damu hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu na kuiziba, mpaka mwili uvimeng'enye kwa wiki kadhaa. Mbwa aliyelala tuli mapafu yake huhimili kuzibwa kwa sehemu ndogo. Mbwa anayekimbia moyo wake husukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa iliyoziba, na mishipa hupasuka au kushindwa. Hatari huwa kubwa zaidi siku ya 7 hadi ya 10 baada ya sindano na huendelea hadi wiki ya nne. Hizi ndizo siku ambazo mbwa mwenyewe, maumivu ya mgongo yamekwisha na prednisoni imempa hamu ya kula, anajiona amepona na anataka kucheza. Vifo vingi vya matibabu haya vinaweza kuzuilika nyumbani kuliko hospitalini, na ndiyo maana nasema kwamba kazi ngumu ni ya mfugaji.

Kizuizi huanza siku ya majibu, hukazwa siku ya sindano ya kwanza, na huendelea wiki sita hadi nane baada ya sindano ya mwisho. Mbwa akae katika kizimba chenye nafasi ya kugeuka, au chumba kidogo kisicho na kochi la kurukia. Atoke kwa kamba fupi tu, kwa haja, akitembea taratibu, kisha arudi. Hakuna ngazi kama zinaepukika, hakuna mpira, hakuna kuachiwa uani "dakika mbili tu", kwa maana dakika moja inatosha kumfukuza kindi. Mbwa wawili wanaopenda kushindana watenganishwe.

Watoto ndio walionipa shida zaidi, kwa sababu kwao mbwa aliyefungwa ni mbwa anayeonewa. Tuliwapa kazi ya kumjazia chakula ndani ya mpira wenye tundu ambao aliulamba kwa nusu saa, kumfundisha kugusa kiganja kwa pua akiwa amelala, na kuhesabu pumzi zake usingizini. Kazi hii ya mwisho si ya kupoteza muda: mbwa aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na idadi ikipanda siku hadi siku, huo ni ujumbe wa mapema. Wageni nao waelezwe kabla hawajaingia, kwa kuwa shangazi anayepiga vigelegele mlangoni atamrusha mbwa kuliko paka yeyote. Kwa mbwa asiyetulia kabisa, zipo dawa za kumtuliza ambazo daktari huziandika, na kuziomba si aibu.

Katika kipindi hicho chote mpigie daktari simu mara moja ukiona kikohozi kilichozidi, damu katika makohozi, pumzi za haraka, homa, kukataa chakula, ufizi uliopauka au kuzimia. Weka namba ya kliniki ya usiku kwenye mlango wa jokofu tangu siku ya 60, maana mambo haya hayachagui saa za kazi.

Siku ya 121 hivi daktari huangalia damu kwa darubini kama vijinyoo vimekwisha. Kipimo cha antijeni hungojewa mpaka miezi tisa baada ya sindano ya mwisho, kwa kuwa antijeni huchelewa kuondoka katika damu hata minyoo ikishakufa, na anayepima mapema hujitia hofu bure. Ikiwa bado ipo wakati huo, daktari ataamua kama kuna haja ya kurudia matibabu. Wiki za kifungo zikishakwisha, usimfungulie mlango akimbie kama ndama. Anza na matembezi ya dakika tano kwa kamba, ongeza dakika tano kila baada ya siku chache, na ukisikia akikohoa njiani, simama, mrudishe nyumbani polepole, ubaki kwenye dakika za jana mpaka daktari amsikilize kifua.